Shih Tzu, fleti ya Upanga na mtoto mwenye pumu: angalia pua kwanza

Swali lenyewe, nimelifupisha: "Daktari shikamoo. Naishi Upanga, fleti ghorofa ya tatu, na mama yangu mstaafu na binti yangu wa miaka 7 ambaye ana pumu kidogo. Natoka saa moja asubuhi narudi saa kumi na mbili jioni. Mama anataka kimbwa kidogo cha kumchangamsha mchana. Kuna mtu anauza Shih Tzu wa wiki tano, laki sita, anasema hawaleti aleji na wanafaa sana fleti, ila nilipie nusu leo maana wamebaki wawili. Nichukue? Na nikimchukua nimtunzeje?"

Marahaba dada yangu. Kabla hatujafika mbali, hela usitume. Mtoto wa mbwa wa wiki tano bado wa kunyonya huyo, hata kama ameanza kulamba uji, anatakiwa akae na mama yake na ndugu zake mpaka wiki ya 8 kwa uchache, na hawa wadogo wadogo mimi napenda wafike hata wiki 10 au 12. Pale kwa ndugu zake ndo anapojifunza kung'ata kwa kiasi, akizidisha mwenzake anapiga kelele na mchezo unaisha hapohapo, sasa aliyetolewa mapema hilo somo hakulipata na mazoezi atakuja kuyafanyia kwenye vidole vya binti yako. Na ujiulize kwa nini muuzaji ana haraka. Wiki ya tano ndo wanaanza kula kwelikweli, wiki ya sita mpaka ya nane chanjo ya kwanza inatakiwa, yaani gharama ndo kwanza zinaanza na yeye anataka zikuangukie wewe. Halafu hiyo ya "lipa nusu leo wamebaki wawili" naisikia kila siku, mara nyingi mbwa wenyewe hawapo, kuna picha tu zilizotolewa mtandaoni, ukishatuma hela namba haipatikani tena.

Twende kwenye aleji maana hapo ndo umedanganywa zaidi. Kinachomsumbua mwenye aleji ya mbwa sio unywele wenyewe, ni protini zinazotoka kwenye mate ya mbwa, kwenye ngozi inayopukutika na hata kwenye mkojo, na protini hizo kila mbwa anazo, awe wa kunyonyoka manyoya au asiwe. Mwaka 2011 kuna watafiti Marekani walipima vumbi kwenye nyumba za watu wanaofuga mbwa, wakalinganisha nyumba zenye hizo mbegu zinazoitwa hazina aleji na nyumba zenye mbwa wa kawaida, tofauti ya maana hawakuiona. Kwa hiyo kabla hujanunua mbwa yeyote yule, mpeleke binti kwa mtu mwenye mbwa wa aina hiyohiyo, akae naye ndani saa moja mbili, amshike, mbwa amlambe, halafu msubiri usiku uone kifua kinasemaje, na hilo mlifanye zaidi ya mara moja kwa siku tofauti. Ongea na daktari wake wa pumu pia, mimi ni wa mifugo. Kama kifua kinabana basi mbwa msichukue kabisa, bora mama asononeke wiki moja kuliko mje kumrudisha mbwa baada ya miezi sita watu wote mmeshamzoea.

Tuseme binti yuko salama. Sasa Shih Tzu mwenyewe. Mimi sina chuki naye, ni mbwa mpole, hana kelele nyingi, anapenda kukaa na mtu kutwa nzima na kwa mzee wa nyumbani tabia yake inafaa sana tu. Shida yake ni pua, na shida ya pili ni Dar es Salaam.

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapoa kwa kuhema, hewa inapita kwenye ulimi na ndani ya pua ambako kuna unyevu, ule unyevu unavukiza na kuondoka na joto. Hapa kwetu kuanzia Desemba mpaka Machi tatizo sio jua peke yake, ni ile hewa nzito ya pwani ambayo hata nguo ndani hazikauki, sasa kama nguo haikauki na ulimi wa mbwa utavukizaje? Anahema na kuhema na hapoi. Ongezea pua bapa. Kichwa kimefupishwa kwa mfupa lakini nyama za ndani hazikufupishwa, zimejibana humohumo, matundu ya pua membamba, kaakaa laini limerefuka mpaka linaziba njia ya hewa, kwa hiyo mbwa ambaye angehitaji kuhema mara mbili zaidi ndo huyohuyo hawezi. Pug, Pekingese na French Bulldog ndo wako kwenye hali mbaya zaidi, Shih Tzu ana nafuu kidogo kuliko hao lakini yumo kwenye kundi. Joto la kawaida la mbwa ni kama 38 mpaka 39, likifika 41 hiyo ni dharura, na pua bapa wanaweza kufika huko wakiwa wamelala tu sebuleni.

Najua utasema una kiyoyozi. Umeme ukikatika saa sita mchana je, madirisha yamefungwa na mama amelala?

Uholanzi wameweka kipimo cha kuzalisha mbwa ambacho hata wewe unaweza kukitumia kwa jicho tu: pua, kuanzia katikati ya macho mpaka ncha, ikiwa fupi kuliko theluthi moja ya urefu wa fuvu basi huyo haruhusiwi kuzalishwa. Pug na wenzake wengi wanaangukia hapo. Ukienda kuangalia mbwa mtazame kwa ubavu, sio kwa mbele ambako wote wanapendeza, na utazame matundu ya pua, yawe mviringo yaliyo wazi, yakiwa ni mistari miwili iliyofinywa na kila anapovuta pumzi yanafyonzwa ndani, achana naye hata wakikupa bure.

Macho nayo niyaseme haraka. Ya Shih Tzu ni makubwa na yamekaa kwenye shimo la juujuu, yanachubuka kirahisi na kidonda cha jicho kikicheleweshwa siku mbili jicho linaweza kwenda. Akivutwa kwa nguvu ngozi ya shingoni jicho linaweza hata kutoka nje, na watoto wa miaka 7 wanavuta.

Kwa hiyo ningekuwa mimi nachagua kwa ajili ya nyumba yako ningeanza na Maltese. Ana kilo tatu mpaka nne, pua yake ni ya wastani, ana tabaka moja tu la manyoya, ile sufi ya chini hana, hivyo ukimpunguza nywele anapata hewa kweli, na akitunzwa miaka 12 mpaka 15 anafika. Japanese Spitz anapendwa sana hapa na Nairobi ndo usiseme, ni mchangamfu na ana akili, lakini ana manyoya mazito ya tabaka mbili na kila mlio wa lifti kwake ni habari ya kutangaza, kwenye fleti majirani watakuchukia. Chihuahua subiri binti akue. Wale wa mchanganyiko wa Poodle na Maltese ni wazuri tu, ila usilipe bei ya ajabu kwa jina lililobuniwa na muuzaji.

Lakini chaguo langu la kweli kwa mama yako ni mbwa mdogo mtu mzima, wa miaka miwili mpaka minne, chotara au wa mbegu haijalishi. Mtoto wa mbwa anataka kula mara nne, anakojoa kila baada ya saa mbili, anatafuna waya, na wewe haupo mchana, kwa hiyo kazi yote unambebesha mzee ambaye aliomba wa kumchangamsha. Mkubwa unaona kabisa ukubwa wake, unasikia kelele zake, unajua haja anakwenda wapi. Wanapatikana, pale Masaki na Oysterbay kila mwaka kuna watu mikataba ya kazi inaisha wanahama nchi na mbwa hawezi kusafiri, wanatafuta mtu mwema tu wamwachie na kadi yake ya chanjo na kitanda chake na kila kitu. Ulizia kwa madaktari wa mifugo maeneo hayo, sisi ndo tunajua nani anahama.

Ukiamua bado unataka mtoto, nenda umwone mama mtu, akiwa kwenye nyumba hiyohiyo, na ukiambiwa mama yuko Arusha au amepelekwa shamba geuza gari. Mwangalie akiwa anacheza na sio akiwa amelala, mwache akimbie kidogo halafu weka sikio karibu na pua yake, usisikie mkoromo wala filimbi. Fungua mdomo, fizi ziwe za waridi, zikiwa nyeupe huyo ana minyoo au viroboto vimemnywa damu au ugonjwa wa kupe. Tumbo likiwa limevimba duara huku mbavu zinahesabika ni minyoo hiyo, usidanganywe kwamba ameshiba. Pitisha kidole kitovuni kama kuna uvimbe laini, na juu ya kichwa kama kuna sehemu inabonyea haijafunga. Inua mkia, pawe pasafi. Magoti ya nyuma mwachie daktari ayapapase, wadogo hawa kifuniko cha goti kinapenda kuteleza, utamwona siku moja anatembea ghafla anakunja mguu mmoja hatua tatu halafu anaendelea kama hakuna kitu.

Chanjo: ya kwanza wiki ya 6 mpaka 8, inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16, hiyo ni kwa ajili ya parvo (kirusi cha kuhara damu na kutapika) na distempa (kirusi kinachoshika mapafu na ubongo) na wenzake, kisha kichaa cha mbwa akishafika miezi mitatu na baada ya hapo kila mwaka, hata kama hatoki ndani. Wengi wanachoma moja wanaona wamemaliza, kumbe kinga aliyopewa na maziwa ya mama yake inaweza kuizima ile chanjo ya kwanza, ndo maana inarudiwa. Mpaka amalize asikanyage chini huko nje, kirusi cha parvo kinakaa kwenye udongo miezi na miezi, ila mbebe mkononi umtembeze asikie bodaboda, adhana, watoto wa shule, akizoea sasa hatakuwa mwoga baadae. Minyoo kila mwezi mpaka miezi sita, halafu kila miezi mitatu, na hili usilichezee kwa sababu minyoo ya mbwa inaingia kwa mtoto pia.

Sasa kupe, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndo kinachoua mbwa wengi wa mjini huku kwetu kuliko kitu kingine ninachokiona. Watu wanadhani kupe ni wa porini na ng'ombe. Kupe wa mbwa, yule wa kahawia, anaishi ndani ya nyumba, akishiba anadondoka, anapanda ukuta, anajificha kwenye ufa au nyuma ya pazia na kutaga mayai kwa maelfu, kwa hiyo ghorofa ya tatu sio kinga, mbwa akishuka bustanini mara moja tu akarudi na jike mmoja mmeshapata wapangaji. Anabeba vijidudu vya ehrlichia na babesia, na dalili zinaanza kijinga tu, leo hajamaliza chakula, kesho amelala zaidi, keshokutwa fizi zimepauka na mkojo una rangi ya chai ya rangi. Ukiona mkojo huo usisubiri Jumatatu. Anatolewa damu, inaangaliwa, dawa zipo na akiwahiwa anapona, ehrlichia peke yake anameza doksisaiklini wiki nne nzima, na watu wanaacha siku ya kumi kwa sababu mbwa ameshaanza kucheza.

Kinga yake ni vidonge vya kutafuna, kuna vya mwezi na kuna vya wiki 12, vinapimwa kwa uzito na vingi haviruhusiwi chini ya wiki 8 wala chini ya kilo mbili, kwa hiyo mbwa apimwe kwanza, na kama amewahi kudondoka kifafa sema mapema maana baadhi ya vidonge hivyo havimfai. Ambacho sitaki kabisa kusikia ni dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mtu anaenda duka la dawa za mifugo anapewa amitrazi kwenye kichupa kisicho na lebo, anaambiwa "weka kifuniko kimoja kwenye ndoo", kifuniko cha nani, ndoo ya lita ngapi, kwa mbwa wa kilo tatu? Analegea, mate yanamtoka, mapigo yanashuka. Kama kuna paka hapo nyumbani, dawa ya mbwa yenye permethrini usiiache karibu naye, inamuua.

Chakula. Maltese mkubwa wa kilo tatu na nusu anahitaji kama kalori 250 mpaka 300 kwa siku, basi. Chapati moja ya mafuta peke yake inaweza kuzimaliza zote, na mama yako atampa kipande asubuhi na chai, nakuhakikishia, wazee wote wanafanya hivyo kwa upendo. Mafuta mengi yanawavimbisha kongosho hawa wadogo, utapishana na matapishi usiku kucha. Mpe chakula kikavu cha mbwa wadogo, au upike wali kidogo na kuku asiye na mfupa, karoti, ini mara mojamoja, ila chakula cha kupika peke yake kina upungufu wa kalsiamu kwa hiyo tupangiane kiasi cha kuongeza. Ugali wa dona na dagaa sio dhambi, tatizo ni chumvi ya dagaa na unga wenyewe, unga uliopata ukungu una sumukuvu na mbwa ini lake halihimili, ule unga ambao mmeuona una harufu mkasema "huu tumpe mbwa" ndo usimpe. Vitunguu maji na saumu, zabibu, chokoleti, na bigijii au pipi zisizo na sukari zenye zailitoli (kitamu kinachowekwa badala ya sukari), vyote hivi hapana. Mtoto mdogo wa mbegu hizi asikae na njaa saa nyingi, sukari inashuka, utamwona anatetemeka, anayumba, analegea, mpake asali kwenye fizi halafu njoo haraka.

Nywele za Maltese zikate zote fupi, sentimita mbili hivi, msimnyoe mpaka ngozi maana jua litamuunguza. Kitana kila siku na kifike kwenye ngozi, nyuma ya masikio na kwapani ndo panaposokotana. Kuoga wiki mbili mara moja kwa shampuu ya mbwa inatosha, na akauke vizuri. Ile michirizi myekundu chini ya macho futa kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha kausha.

Meno hawa wadogo yamebanana na yanaoza mapema, mswaki laini na dawa ya meno ya mbwa, ya watu isitumike. Akifika miezi saba angalia chonge, ukikuta mawili yamesimama sehemu moja, la utoto halijang'oka, lete tulitoe. Kamba yake iwe ya mkanda wa kifuani na sio ya shingoni, koo zao ni laini, ukisikia anakohoa kama bata anaita ujue koo limeshaanza kubonyea.

Kutembea ni saa kumi na mbili asubuhi na jioni baada ya jua kushuka. Weka mgongo wa mkono kwenye lami, ukishindwa kuuacha sekunde tano na yeye atashindwa. Siku akizidiwa na joto mmwagie maji ya kawaida ya bomba mwili mzima, mwekeeni feni, barafu hapana, taulo bichi lisiachwe limemfunika, na mje hospitali hata kama ameshaanza kuonekana afadhali.

Binti amshike akiwa amekaa chini sakafuni, kanuni hiyo moja tu. Mbwa wa kilo tatu akiruka kutoka mikononi au kwenye kochi anavunjika mguu wa mbele, na mfupa ule karibu na kifundo unapata damu kidogo, kuunga ni kazi. Mama naye mvalishieni mbwa kengele ndogo ili amsikie akiwa miguuni, wazee wanajikwaa. Na Upanga majirani wengi ni Waislamu, mate ya mbwa kwa wengi wao ni najisi, yakimgusa mtu aliyetawadha itabidi apaoshe palipoguswa kabla ya kuswali, kwa hiyo kwenye lifti na ngazi abebwe, uani asiachwe huru, kinyesi uokote mwenyewe kwa mfuko. Waambie majirani kabla mbwa hajafika, na usome mkataba wako wa pango kama wanaruhusu.

Ukishampata, umlete ndani ya siku tatu za mwanzo. Beba kadi ya chanjo, kinyesi cha asubuhi hiyo kwenye kikopo chenye mfuniko, na pakiti ya chakula alichokuwa anakula huko alikotoka, usimbadilishie ghafla, tutachanganya kidogo kidogo kwa wiki moja.